Mwaka wa Mfuniko

Mwezi uliopita nilikwenda mtaa wa Tassia kumtembelea kaka yangu Silva, anayekaa huko na mke wake na binti yao mdogo. Langoni pa ploti yao, jengo la vyumba vya kupanga, kijana mmoja alikuwa akishusha mitungi ya maji kutoka kwenye mkokoteni, na mitungi ilikuwa imeziba njia. Aliponiona nimesimama na mfuko wangu wa maparachichi alisogeza miwili kwa mguu, akasema bila hata kuinua kichwa, "Pita tu, funi." Sikupita. Nilimuuliza ameniitaje. "Funi," akasema, na sasa akanitazama, maana alidhani labda nimekasirika. "Si matusi, boss. Ni heshima." Nikamuuliza funi ni nini. "Ni msee wa maana. Yaani mtu kama... ni funi tu." Nikamuuliza neno hilo limetoka wapi. Alicheka, akajitwisha mtungi begani. "Hiyo ni ya kitambo, buda. Sisi tulizaliwa tukaipata." Akapanda nao ngazi, maji yakimtonea mgongoni, akaniacha kwenye tope la langoni nikiwa kama mtu aliyekutana na mtoto wake mwenyewe tayari ana ndevu.

Mimi si mtu wa kuamini miujiza. Nilisomea isimu chuo kikuu, na jambo moja lililonikaa ni kwamba anayedai kujua neno fulani lilizaliwa wapi, mara nyingi anadanganya au amedanganywa. Rafiki zangu hunichoka kwa ajili hiyo. Nikiambiwa mvua inanyesha, hutoa mkono dirishani kwanza. Lakini neno hili nililiona likizaliwa. Nilikuwa nimekaa mkabala nalo, tukila, na mtu aliyelitoa alikuwa ameshika mfuniko wa sufuria.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, naye Silva kumi na tisa, nilipokuja mtaa wa Huruma kuishi naye na mama. Habari za kijijini na za kilichonileta nitaziacha, kwa sababu hazinisaidii kueleza mwaka ule. Kinachonisaidia ni chumba. Kilikuwa orofa ya nne, kimekatwa katikati kwa pazia la maua: huku kitanda cha mama, huku kochi alilolalia Silva, na godoro langu ambalo mchana liliegemezwa ukutani kama mgeni asiyejua aketi wapi. Dirisha letu lilitazamana na dirisha la ploti ya pili kwa ukaribu kiasi kwamba tungeweza kupokezana chumvi na jirani, na tulipokezana. Jiko la mafuta ya taa lilikaa chini ya dirisha, sufuria zikaning'inia juu yake kwa ukubwa, na harufu ya chakula cha kila nyumba iliingia kwa kila nyumba, hata ukajua nani leo ana nyama na nani anajifanya. Mama alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mabeseni ya plastiki kule Baba Dogo. Alitoka kabla ya jua na kurudi na harufu ya plastiki iliyopashwa moto, harufu ambayo hadi leo nikiisikia hudhani chakula kiko karibu.

Siku ya kwanza Silva alinishika bega pale ngazini, nje ya mlango. "Skiza," akasema. "Hapa nje usiniite brathe. Usiniite kaka. Usiniite kitu." Nikamuuliza, sasa nikuite nani. "Usiniite. Wakikuuliza, wewe ni kijana amekaribishwa na mathe. Umeskia?" Nilisema nimesikia. Sikuuliza kwa nini, kwa sababu nilijua: ulimi wangu. Nilikuwa nimekuja na ulimi wa kwetu magharibi, ule usiotofautisha be na pe, wala de na te, wala ga na ka. Gari kwangu lilikuwa kari. Vijana wa ngazini waligundua mapema, wakawa wakiniona tu wanaulizana, "Ebu tumuulize mathe wake hufanya kazi wapi." Nami nikajibu kwa adabu, kila mara, "Papa Toko." Waliangukiana mabegani kwa kicheko. Silva alikuwa miongoni mwao, akicheka kwa kipimo, kama mtu asiyehusika.

Lazima nieleze Silva alikuwa nani pale ngazini, la sivyo mengine hayataeleweka. Ngazi za ploti yetu zilikuwa baraza. Jioni vijana walizijaza kutoka chini hadi orofa ya pili, na Silva alikaa mahali zinapokata kona, mgongo ukutani, na watu walinyamaza akianza kuongea. Hakuwa na nguvu za mwili, wala nguo, wala simu ya kujivunia. Alikuwa na maneno. Bomba letu la chini lilikuwa na tabia ya kukohoa kwa muda mrefu kabla ya kutoa maji, akaliita mgonjwa, na ndani ya wiki hiyo akina mama wazima walikuwa wakiitana kutoka orofa hadi orofa, "Mgonjwa ameamka! Leteni mitungi!" Nilisimama juu ya ngazi nikiwa nimeshika ukuta, nikawasikia. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kufanya hivyo. Nilidhani maneno yalikuwako tangu mwanzo, kama mito, na kazi yetu ni kuchota. Na huyu aliyekuwa akilala futi chache kutoka kwangu, anayekoroma, anayeficha soksi zake nisizivae, alikuwa akiyatengeneza. Ndiyo maana, katika mwaka ule wote, nilitaka kitu kimoja tu. Sikutaka viatu wala shule nzuri. Nilitaka Silva aseme mbele ya watu wale, pale ngazini, kwamba mimi ni wake.

Alianza kunifundisha Sheng, lugha ya vijana wa mtaani, ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa, mama akiwa bado njiani. Nilidhani ni wema. Alinieleza kwamba katika mtaa huu hakuna anayesema "niuzie". Hiyo ni ya ushago, ya watu wa kijijini. Watu husema "nianikie." Nikashuka dukani kwa Mama Shiro, aliyekuwa akizungukwa na wanawake wakati huo wa jioni, nikasema kwa sauti ya mtu aliyefuzu, "Nianikie mkate." Mama Shiro aliinama akanichungulia kupitia nondo za dirisha lake. "Nikuanikie mkate? Kwani umelowa?" Wanawake walicheka hadi mmoja akaweka mtoto chini. Nilipogeuka nikamwona Silva upande wa pili wa barabara, ameegemea ukuta, mabega yakimtikisika bila sauti yoyote kutoka. Hata hivyo sikuacha kumwamini, na hilo ndilo linalonishangaza zaidi nikikumbuka sasa, mimi ninayeshuku hata stakabadhi ya duka. Nilijiambia nimelitamka vibaya.

Jioni ya mfuniko tulikula ugali na mrenda. Mama alikuwa ameupika asubuhi, na kazi ya Silva ilikuwa kuupasha. Kila tulipokula mrenda alifunga dirisha na kuvuta pazia, ili jirani asione mboga ile ya kwetu ikivutika kutoka sahani hadi mdomoni. Kisha alikula kuliko sisi sote. Jioni ile alikuwa amechutama mbele ya jiko akiniongezea mboga, mfuniko mkononi, mvuke ukimpiga usoni. "Unamjua Brayo?" akaniuliza. Nani asiyemjua Brayo? Alikuwa mkubwa wa vijana wote, mwenye shingo nene, na ndiye aliyeshika ufunguo wa bomba. "Ukimpata, usimwambie niaje kama katoto. Wasee wakubwa siku hizi wanaitwa..." Hapo macho yake yalishuka. Niliona. Yalishuka hadi mkononi mwake, yakatua, yakapanda tena. "...mfuniko. Mwambie, 'Sasa, mfuniko.' Ataona unajua mtaa." Nimewaza juu ya ule mshuko wa macho zaidi ya nilivyowaza juu ya kitabu chochote. Neno lilikuwa bado halijakuwako, kisha likawako, na njia yake ilikuwa fupi kama kope.

Siku iliyofuata ngazi zilikuwa zimejaa. Brayo alikuwa amekaa chini kabisa, karibu na bomba, miguu imetanuliwa. Nilishuka na mtungi wangu, nikasimama mbele yake. "Sasa, mfuniko," nikasema. Kisha mtu juu akapiga ukelele, "Amemuita Brayo kifuniko cha sufuria!" na ngazi nzima ikalipuka. Brayo hakucheka. Alinyoosha mkono akakusanya shati langu kifuani, taratibu, kama anayekunja nguo. "Umeniita nini?" "Mfuniko." "Mimi ni mfuniko? Wa nini? Wa choo?" Kicheko kikapanda tena. Brayo akainua uso kuelekea kwenye kona ya ngazi. "Silva, huyu si ni wa kwenu?"

Nilimtazama kaka yangu. Alikuwa akikwangua ukuta kwa ukucha. "Wa kwetu wapi?" akasema. "Ni kijana mathe amekaribisha. Hata simwelewagi akiongea."

Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa akinichezea. Na kitu kilichofuata siwezi kukieleza kwa ushujaa, maana sikuwa nao. Nadhani nilikosa tu mahali pengine pa kwenda. Ng'ambo ya neno lile hapakuwa na ndugu wa kunitetea, kwa hiyo nilibaki ndani ya neno lenyewe, nikaanza kulipapasa kuta zake kutafuta mlango. "Sufuria pila mfuniko," nikasema, "nzi wanaingia." Mtu alirudia "pila!" lakini Brayo hakuachia shati, wala hakukaza. Nikaendelea. "Wewe ukiwa hapa, nzi hawaingii kwetu. Ukitoka, kila mtu anakuja kuonja." Nilisikia sauti yangu kana kwamba inatoka dirisha la jirani. Sikujua nimeitoa wapi maana ile. Silva hakuwa amenipa maana, alikuwa amenipa ganda tupu ili nichekwe, na sasa mimi, kijana wa kari na Papa Toko, nilikuwa nimetia kitu ndani na kinakaa.

Brayo alilitafuna. Unaweza kumwona mtu akitafuna neno. Taya husogea kidogo. "Mmeskia?" akawauliza wenzake. "Pila mimi, nzi." Aliiga ulimi wangu, lakini hakuiga kwa kejeli, aliiga kama mtu anayenukuu. Akaliachia shati, akalipapasa likanyooka. "Imeweza hiyo. Kuanzia leo ndio jina. Silva, anza wewe. Niite."

Silva, ambaye kila neno la mtaa lilipita mdomoni mwake kwanza, alitakiwa kusema uongo wake mwenyewe kwa heshima mbele ya watu wote. "Sasa, mfuniko," akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Nilijaza mtungi wangu nikapanda nao, na nilipompita hakusogeza miguu, ikabidi nimruke.

Tangu siku hiyo hakusema nami moja kwa moja. Tukiwa mezani alimwambia mama, "Mwambie apitishe chumvi," nami nikiwa nimekaa karibu na chumvi na karibu na yeye. Mama alidhani ni ugomvi wa soksi. Na mimi nikaanza tabia ambayo haijaniacha. Kila neno nililolisikia nililipeleka kwa mtu mwingine kabla ya kulitumia, kisha kwa mwingine tena. Nilikaa karibu na bomba na kusikiliza. Niligundua kwamba Mama Shiro na wateja wake hawakukubaliana juu ya maneno mengi, kwamba wasichana wa ploti ya nyuma walikuwa na neno lao la viatu na sisi letu, kwamba hakuna aliyekuwa na ufunguo wa lugha kama Brayo alivyokuwa na wa bomba. Neno lilikuwa kweli kwa sababu tu watu wamekubali kusimama juu yake. Nilikuwa nimeogopa kwa miezi kwamba kuna Sheng halisi mahali fulani, iliyofungiwa, na kwamba Silva ananinyima. Haikuwako. Kulikuwa na midomo tu. Nililala usiku nikilitazama pazia la maua na kuhisi kama mtu aliyegundua kwamba sakafu anayokanyaga imeshikiliwa na watu walio chini, nao wanaongea.

Na neno mfuniko likaanza kutembea. Mara ya kwanza nililisikia kwa mtoto ambaye hakuwapo siku ile. Halafu likapoteza mkia, likawa mfuni. Halafu likapoteza kichwa, likawa funi, na wakubwa wakiwa wengi wakaitwa mafuni, na anayejigamba akasemekana "anajifuni." Sikumfundisha mtu yeyote hayo. Hakuna aliyeitisha mkutano. Wasichana waliokuwa wakiruka kamba walilitia kwenye hesabu zao. Jioni moja mama alirudi, akavua viatu, akakaa kusugua vidole vya miguu, akasema, "Wasichana kazini wana wazimu. Siku hizi msimamizi wetu wanamwita funi. Funi hivi, funi vile. Sijui ni tusi gani." Tulikuwa tukila, mimi na Silva. Tuliacha kutafuna wakati mmoja. Lilikuwa limeondoka chumba hiki, likavuka barabara, likaenda hadi Baba Dogo, likaingia kiwandani, likapanda mgongoni mwa mama yetu na kurudi nyumbani, na halikutujua. Silva alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi, na machoni mwake hapakuwa na chuki. Palikuwa na kile kile kilichokuwa machoni mwangu. Kisha akainamia sahani. "Mama," akasema, "mwambie aongeze maji."

Kuna maelezo ya ukatili wake, na ni haki niyatoe. Niliyasikia mimi mwenyewe, nikiwa nimelala nyuma ya pazia na homa, mama akiongea na jirani wa dirishani. "Usimwonee huruma huyu mdogo," mama alisema, "atazoea. Huyo mkubwa alipokuja alikuwa hivyo hivyo. Walimcheka darasani muhula mzima, akaacha kuongea kabisa. Mwalimu akaniita akaniuliza kama mtoto ni bubu." Jirani akauliza, "Sasa alipona vipi?" "Sijui, mama. Siku moja alifungua mdomo akawa mtu wa hapa." Watu wengi nikiwasimulia hapa hutikisa kichwa kwa kuridhika: ahaa, aliumizwa, ndiyo maana aliumiza. Mimi siridhiki. Wapo walioumizwa wakawa wapole. Mwingine huniambia kwamba Silva ndiye aliyenifanya msomi, na kwamba nimshukuru. Hilo nalo nalikataa. Hakunipa chochote siku ile isipokuwa neno tupu na mkono wa Brayo kwenye shati. Na nisijifanye kwamba nilitoka mzima. Msichana niliyempenda chuoni aliniuliza siku moja, kwa uchovu, "Nikuambie nakupenda kwa lugha gani, Obadia, na kila neno unalipeleka kupimwa?" Nilikuwa nalipima swali.

Kule Tassia, baada ya chakula, nilimsimulia Silva juu ya kijana wa maji. Alikuwa akimkatia binti yake chapati vipande vidogo. "Funi?" akasema. "Hiyo ilikuwako kabla yetu, buda." Nikamkumbusha mfuniko, mrenda, Brayo. Alitabasamu kwa ustaarabu, kama mtu anayesikiliza ndoto ya mwenzake. "Labda. Sikumbuki. Kula." Na kwa kuwa mimi ni mimi, nimekuwa nikijiuliza tangu hapo kama si yeye aliye sahihi. Maneno huweza kuzaliwa mahali pawili. Labda alilisikia kwa mtu na macho yake yaliangukia mfuniko kwa bahati tu. Siwezi kuthibitisha. Lakini kuna alasiri moja, mwishoni mwa mwaka ule, ambayo hata yeye hawezi kuninyang'anya, maana mengine yote naweza kuyatilia shaka, hiyo siwezi.

Ilikuwa Desemba, watu wakifunga mizigo kwenda mashambani kwa Krismasi. Vijana wa kutoka Kariobangi walikuja kucheza mpira na wetu, na baada ya mechi wote walijaa ngazini na uani wakinywa maji. Mmoja wao, mrefu, mwenye jezi ya kijani, alimwita mwenzake funi. Brayo akacheka. "Mmeanza kutuiga?" Yule mrefu akasema hakuna cha kuigwa hapa, neno ni la kwao, limeanzia kwao. Brayo aliweka kikombe chini. Lilikuwa jina lake. "Limeanzia hapa," akasema, "kwa hizi ngazi." "Nani aliianza?" "Ngoja." Na bila kufikiri, kwa kuwa kila mtu alijua maneno yetu hutoka wapi, Brayo aliinua kichwa kuelekea kwenye kona. "Silva. Waambie hii ni ya nani."

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya juu yake kidogo. Niliona shingo yake ikiwa imara. Lilikuwa neno kubwa kuliko yote aliyowahi kutengeneza, nalo lilikuwa limetembea mtaa mzima kwa miezi likiwa la kijana wa Papa Toko. Sasa aliulizwa mbele ya mitaa miwili. Angeweza kusema tu ni lake. Lakini nusu ya watu pale waliniona nikilisema kwanza, na wangemwuliza lilifikaje kinywani mwangu. Hapakuwa na njia ya kulifikia neno lile isipokuwa kupitia chumba chetu, na hapakuwa na njia ya kuingia chumba chetu bila kunikuta mimi ndani. Niliona akihesabu hayo yote. Niliona akitaka.

"Ni yangu," akasema. "Nilimpea brathe yangu, tukikula."

"Brathe yako?" Brayo akauliza. "Gani?"

Silva hakugeuka. Alinionyesha kwa kidevu, nyuma, juu ya bega. Brayo alinitazama, akamtazama, na nikaona akikumbuka siku ya shati. Aliongea polepole. "Si ulisema ni kijana mathe amekaribisha?" Ndipo Brayo akanigeukia mimi. "Wewe sema. Huyu ni brathe yako? Hii neno ni yake?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa limekaa pale kwa miezi, limeng'arishwa, halina hata herufi moja ya kunikwaza: Simjui. Mimi nimekaribishwa na mathe tu. Ningelisema, neno lingebaki langu, na yeye angebaki mwongo mbele ya watu wote aliowapenda. Shingo yake ilijua. Misuli yake ilikuwa imesimama. Niliitazama shingo ile, nikastaajabu kwamba kwa mara ya kwanza maishani alikuwa akingoja mimi niseme kitu.

"Ni yake," nikasema. "Ni prathe yangu."

Kwa haraka ile ulimi ulikuwa umerudi nyumbani. Yule mrefu wa Kariobangi ndiye aliyeanza. "Prathe!" akapiga kofi. "Prathe! Mmeskia huyo?" Na kicheko kikaanza kupanda ngazi, kile kile nilichokijua, hatua kwa hatua kuelekea kwangu. Kilipofika kwenye kona kikasimama, kwa sababu Silva alikuwa amesimama.

"Wachaneni na prathe yangu," akasema.

Kwa pe. Ngazi nzima ilisikia. Nami nimejiuliza tangu wakati huo, kwa kila chombo nilichofundishwa chuoni, kama alikusudia, ili kicheko chote kimwangukie yeye, au kama hasira ilimfungua tu na ulimi wa zamani ukatoka wenyewe kule ulikofungiwa. Sijui. Nilichoona ni kwamba baada ya kulisema aliinua mkono akajigusa midomo, taratibu, kama anayehakikisha ni yake. Na hakuna mtu aliyecheka.